Nukta 100 zinazopima sumu majini: Zinatengenezwaje, na utajuaje kama hazikudanganyi?

Kwenye kipande kimoja cha silikoni kuna nukta 100 za madini ya iridiamu. Kila nukta ina upana wa maikromita 5, yaani zaidi ya kumi zinaweza kupangwa kwenye unene wa unywele mmoja wa kichwa chako.

Ukijumlisha nukta zote, eneo lake halizidi 0.002 ya milimita moja ya mraba. Lakini zikizamishwa ziwani, zinaweza kupima risasi, shaba, kadimiamu na zinki humo humo majini, bila mtu kuchota maji na kuyasafirisha hadi maabara.

Kifaa hiki kipo kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, walikitengeneza miaka ya 1990 wakishirikiana na wataalamu wa vifaa vidogo wa mji wa Neuchâtel. Wenyewe wanakiita safu ya maikroelektrodi.

Kuzitengeneza nukta hizo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo husikiki sana ikizungumzwa, ni kuthibitisha kwamba zinafanya kazi. Elektrodi mbovu haisemi kwamba ni mbovu. Inakupa namba tu, kama kawaida.

Kwa ufupi

- Elektrodi ndogo sana hupata mkondo wa umeme uliotulia, hata kwenye maji yenye chumvi kidogo.
- Mkondo wa nukta moja ni mdogo mno, ndiyo maana zinawekwa nyingi pamoja.
- Zikibanana zinanyang'anyana, na faida yote inapotea.
- Tundu moja lisiloonekana kwa macho linaweza kuharibu kipimo kizima.
- Kabla ya kuamini namba, kifaa lazima kipite vipimo vyake chenyewe.

Kwa nini namba moja inaweza kuamua maisha ya mtu

Chukua mfano wa risasi, yale madini yaliyomo kwenye betri za magari. Huwezi kuionja majini, huwezi kuinusa. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa kila lita ya maji ya kunywa, na linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Wanaoumia zaidi ni watoto, kwa sababu risasi huathiri ubongo unaokua.

Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanalijua hili vizuri. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichafua mtaa wao kwa risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya. Mahakama ya Rufaa ikaitengua amri hiyo, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha mwaka 2024. Katika kesi ya namna hii, kiasi cha risasi kilichopimwa kwenye udongo na kwenye damu ni ushahidi.

Sasa fikiria kipimo kinachosema "kidogo" wakati ukweli ni "nyingi".

Limeshatokea. Mwezi Mei 2017, mamlaka za afya za Marekani zilionya kwamba vifaa vya LeadCare vya kupima risasi kwenye damu vingeweza kutoa majibu ya chini kuliko uhalisia pale damu inapotolewa kwenye mshipa. Mwaka 2024 kampuni iliyovitengeneza, Magellan Diagnostics, ilikubali kukiri makosa ya jinai na kulipa dola milioni 42 kwa kuficha hitilafu hizo.

Elektrodi za LeadCare hazikuwa safu ya nukta ndogo tunazozizungumzia hapa. Lakini namna ya kupima ni ya ukoo mmoja: risasi inakusanywa kwenye elektrodi, kisha inang'olewa na kuhesabiwa kwa umeme. Ndiyo maana swali la "tunajuaje kama inasema kweli" si la watu wa maabara peke yao.

Elektrodi inapimaje madini?

Kama nyumbani kuna mgonjwa wa kisukari, umeshaona kazi ya elektrodi. Mashine nyingi za kupima sukari za siku hizi hugeuza sukari iliyo kwenye tone la damu kuwa mkondo mdogo wa umeme. Mkondo ukiwa mkubwa, sukari ni nyingi.

Kwa risasi na madini mengine mazito kuna hatua mbili.

Kwanza, kukusanya. Elektrodi inapewa volti hasi. Ioni ya risasi inayoigusa inapokea elektroni mbili na kugeuka kuwa madini yaliyonata pale pale. Hili linaendelea kwa dakika kadhaa.

Pili, kung'oa. Volti inapandishwa haraka. Risasi inarudi majini na kuziacha elektroni zake, na kwenye grafu mkondo unainuka kama kilima.

Kilima hicho kinasema mambo mawili. Mahali kilipo panaonyesha ni madini gani, kwa sababu kila madini hung'oka kwenye volti yake: zinki hutangulia, ikifuatiwa na kadimiamu, halafu risasi, halafu shaba. Ukubwa wa kilima ndio unaoonyesha yapo kiasi gani.

Kwa nini isipimwe moja kwa moja bila kukusanya? Piga hesabu. Kwenye maji yenye risasi mikrogramu 10 kwa lita, nukta moja ya maikromita 5 inapata mkondo wa takriban 0.1 ya pikoampea. Pikoampea ni ampea moja iliyogawanywa mara trilioni moja. Chaja ya simu yako inatoa ampea 1 au 2, kwa hiyo ujue tunazungumzia kitu kidogo kiasi gani.

Lakini ukikusanya kwa dakika tano, kisha ukavitoa vyote ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mkondo unakua mara elfu kadhaa. Hapo unapimika.

Kwa nini ziwe ndogo hivyo?

Hapa ndipo penye siri ya kazi yote.

Majini ioni hazina injini. Zinatangatanga tu, na zikipungua mahali fulani, nyingine hujongea taratibu kutoka kwenye wingi. Mwendo huo unaitwa mtawanyiko, na ndio unaozifikisha ioni kwenye elektrodi.

Fikiria vibanda vya mama lishe vilivyopangwa bega kwa bega upande mmoja wa uwanja mkubwa. Wateja walio mbele yao wanahudumiwa kwanza. Wakiisha, wengine lazima watoke mbali zaidi, tena wote wanakuja kutoka upande mmoja. Kadiri muda unavyokwenda, biashara inapungua. Hiyo ndiyo elektrodi kubwa: mkondo wake hushuka kadiri sekunde zinavyopita, labda maji yawe yanakorogwa.

Sasa muweke mama lishe mmoja peke yake katikati ya uwanja. Wateja wanamjia kutoka pande zote. Wa karibu wakiisha, wale wa mbali ni wengi zaidi kwa sababu duara limepanuka. Foleni yake haikatiki. Hiyo ndiyo maikroelektrodi: ndani ya sehemu ndogo ya sekunde mkondo wake unatulia, na hauhitaji kukoroga chochote.

Kuna faida ya pili. Maji ya ziwa yana chumvi kidogo, na maji ya aina hiyo hupitisha umeme kwa shida. Elektrodi kubwa ikipitisha mkondo mkubwa humo, sehemu ya volti inapotelea njiani na kipimo kinapinda. Mkondo wa nukta ndogo ni mdogo kiasi kwamba hasara hiyo karibu haipo. Kwa hiyo unaweza kupima maji kama yalivyo, bila kuyatia kemikali.

Basi kwa nini ziwe nyingi, na kwa nini zisibanane?

Nukta moja ni nzuri, lakini inatoa mkondo mdogo mno, na kelele za umeme za kawaida zinaweza kuufunika. Jibu ni kuziunganisha nukta nyingi kwenye waya mmoja ili mikondo ijumlike. Mia zinatoa mara mia.

Hapo mbuni anakutana na mtego. Rudi uwanjani. Ukiweka akina mama lishe mia lakini ukawabana, wataanza kugombania wateja wale wale. Kwa pamoja watakuwa kama lile genge refu la mwanzo, na hutakuwa umefanya lolote.

Umbali gani unatosha? Kwa miaka mingi watu walifuata kanuni ya vidole: acha nafasi ya mara kumi ya nusu kipenyo cha nukta. Mwaka 2005 Trevor Davies na Richard Compton wa Oxford walichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba kanuni hiyo haitoshi kila mahali. Nafasi inayohitajika inategemea pia muda wa kipimo, kwa sababu kadiri unavyopima polepole ndivyo kila nukta inavyovuta ioni kutoka mbali zaidi.

Tuweke namba. Kwa kemikali ya kawaida ya majaribio, ndani ya sekunde 1 eneo linalovutwa na nukta hufika takriban maikromita 40. Ndani ya sekunde 10 hufika kama 125. Kwa hiyo safu inayofanya vizuri kwenye jaribio la haraka inaweza kuharibika kwenye jaribio la taratibu, ingawa kipande ni kile kile.

Kwenye safu ya Geneva, nukta zilipangwa mistari 5 ya nukta 20, na kutoka katikati ya nukta moja hadi katikati ya jirani yake kuna maikromita 150. Hiyo ni mara 60 ya nusu kipenyo. Pamoja na nafasi yote hiyo, eneo lote la nukta halifiki milimita 3 kwa milimita 1.

Inatengenezwaje? Hatua kwa hatua

Njia ni ile ile inayotengeneza chipu za simu. Vipimo hutofautiana kutoka maabara moja hadi nyingine, lakini mpangilio wa kawaida ni huu.

1. Sahani. Wanaanza na sahani nyembamba ya silikoni, mara nyingi yenye kipenyo cha milimita 100 na unene wa karibu nusu milimita. Inatiwa kwenye tanuri la nyuzi joto 1,000 hivi ili juu yake iote ngozi ya oksaidi, ambayo ni kama kioo. Ngozi hiyo inazuia umeme usivuje kupitia silikoni.

2. Dawa ya mwanga. Juu yake wanadondosha dawa nzito inayobadilika ikipigwa na mwanga wa urujuanimno, kisha sahani inazungushwa maelfu ya mara kwa dakika. Dawa inasambaa na kubaki utando wa maikromita 1 au 2. Chumba kina taa za njano tu, maana mwanga wa kawaida ungeiunguza dawa kabla ya wakati.

3. Picha. Kioo chenye mchoro kinawekwa juu na mwanga unapitishwa. Kwa dawa ya aina inayotumika zaidi, palipopigwa mwanga panayeyuka zinapooshwa. Sasa sahani ina mchoro wa nyaya na nukta, kama kanga iliyochapwa kwa kiolezo.

4. Madini. Ndani ya chombo kisicho na hewa, dhahabu au platinamu inafukizwa na kutua juu ya sahani kwa unene wa nanomita 100 au 200. Lakini dhahabu haishiki kwenye kioo. Inabubuka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Kwa hiyo kwanza kunatandikwa utando wa titani au kromiamu wa nanomita kama 10, ufanye kazi ya gundi.

5. Kubandua. Sahani inalowekwa kwenye asitoni. Dawa iliyobaki inayeyuka na kuondoka na madini yaliyokuwa juu yake. Kinachobaki ni mchoro peke yake.

6. Kufunika. Sahani nzima inafunikwa na kizuia umeme, kwa mfano naitraidi ya silikoni au plastiki maalumu. Kisha wanarudia ile kazi ya picha na kutoboa matundu madogo kwa gesi iliyochajiwa umeme. Kila tundu linafunua nukta moja ya madini. Hapo ndipo elektrodi inapozaliwa.

7. Kukata na kuunga. Sahani inakatwa kwa msumeno wa almasi, kila kipande kinaungwa nyaya nyembamba, na maungio yanazibwa kwa gundi ngumu yasiguse maji.

Yote haya yanafanyika kwenye chumba safi, watu wakiwa wamevaa magwanda kuanzia kichwani hadi miguuni. Si mbwembwe. Punje ya vumbi ni kubwa kuliko nukta yenyewe.

Uswisi waliongeza nini?

Safu ya Geneva ilikuwa na nyongeza mbili muhimu.

Ya kwanza ni zebaki. Juu ya kila nukta ya iridiamu walipandisha tone dogo la zebaki lenye umbo la nusu tufe, kwa sababu risasi, kadimiamu na zinki huyeyuka vizuri ndani ya zebaki. Waliichagua iridiamu kwa kuwa zebaki haiili. Ingekuwa dhahabu, zebaki ingeingia ndani yake, kama wachimbaji wadogo wa dhahabu wanavyoona kila siku.

Je, zebaki hiyo si hatari? Ukipiga hesabu, matone yote 100 ya nusu tufe yana takriban nanogramu 44. Hata hivyo dunia inaikimbia zebaki, na Mkataba wa Minamata wa kuidhibiti ulianza kufanya kazi mwaka 2017. Njia mbadala ilikuwa imeshapatikana: mwaka 2000 Joseph Wang na wenzake walionyesha kwamba bismuthi inaweza kuchukua nafasi ya zebaki katika kazi ya aina hii.

Nyongeza ya pili ni jeli. Safu yote ilifunikwa na jeli ya agarosi, inayotokana na mwani mwekundu, yenye unene wa maikromita 300. Jeli inaziruhusu ioni ndogo kupita lakini inazuia matope, vijidudu na uchafu mkubwa. Bila hiyo, elektrodi iliyozamishwa ziwani ingefunikwa na utelezi. Gharama yake ni subira: unangoja dakika kadhaa ili maji ya ndani ya jeli yalingane na ya nje.

Kifaa kilichotokana na kazi hiyo kinaitwa VIP. Kiliundwa pamoja na kampuni ya Idronaut ya Italia ili kishushwe majini na kupima madini kwenye vina mbalimbali. Faida kubwa ni kwamba maji hayabadiliki njiani. Sampuli ikikaa kwenye chupa, madini mengine hunata kwenye kuta za chupa na mengine hubadilika yakikutana na hewa.

Uchunguzi wa afya wa elektrodi

Sasa kipande kimetoka kiwandani na kinang'aa. Je, kinafanya kazi? Hivi ndivyo vipimo vikuu.

Kukiangalia. Hadubini inaonyesha kama matundu yamefunguka yote na kama ni ya duara. Hadubini ya elektroni inaona hata mabaki ya dawa yaliyong'ang'ania ndani. Kifaa cha sindano kinapima kina cha kila shimo.

Kukisafisha na kukipima eneo. Elektrodi ya dhahabu inatiwa kwenye asidi ya sulfuriki isiyo kali sana, kisha volti inapandishwa na kushushwa mara nyingi. Uchafu unatoka. Pia utando wa oksaidi unaoota na kuondoka unahesabika kwa chaji: takriban mikrokulombi 390 kwa kila sentimita ya mraba. Hapo unapata eneo halisi la dhahabu. Kwa kawaida linazidi lile la kwenye mchoro, kwa sababu uso wa dhahabu una vimabonde.

Kukipa mtihani wenye majibu. Elektrodi inawekwa kwenye kemikali ambayo tabia yake inajulikana, kwa mfano ferosini-methanoli. Kwa nukta ya duara kuna kanuni: mkondo ni mara nne ya zao la nusu kipenyo, wingi wa kemikali, kasi ya mtawanyiko, idadi ya elektroni na namba maalumu ya Faraday. Ukishakuwa na jibu la kitabuni, unalilinganisha na ulichopata.

Kubadilisha mwendo. Kipimo kile kile kinafanywa haraka, kisha taratibu. Nukta zinazojitegemea zinatoa grafu yenye umbo la S. Ukiona grafu inapanda, inafika kileleni halafu inashuka, ujue nukta zimeanza kunyang'anyana.

Kusikiliza kelele. Elektrodi inawekwa kwenye maji ya chumvi yasiyo na kitu cha kupima. Mkondo unaobaki unatakiwa uwe mdogo sana. Ukiwa mkubwa, maji yameshapenya mahali.

Hilo la mwisho lisikupite. Tundu moja la maikromita 50 kwenye utando wa juu, ambalo halifikii hata unene wa unywele mmoja, likiwa juu ya waya wa madini lina eneo sawa kabisa na nukta zote 100 za maikromita 5 zikijumlishwa. Kwa hiyo eneo la madini linalogusa maji linakuwa mara mbili, na kelele zinaongezeka pamoja nalo, bila wewe kuona chochote kwa macho.

Dalili moja, magonjwa mawili

Hebu tufanye mfano mmoja hadi mwisho.

Una safu ya nukta 100 za dhahabu, kila moja na upana wa maikromita 10. Unaitia kwenye ferosini-methanoli ya milimoli 1 kwa lita. Kwa kanuni, nukta moja inapaswa kutoa takriban nanoampea 1.5. Zote 100 zitoe 150.

Unapima, unapata 120.

Jibu la haraka ni kusema nukta 20 zimekufa: labda dawa haikutoka, labda waya umekatika. Inawezekana.

Lakini kuna maelezo mengine. Nukta haziko juu, ziko ndani ya vishimo, kwa sababu zimefunguliwa kupitia utando. Ioni inabidi ipite kwanza kwenye mlango mwembamba. Ukitumia kanuni ya nukta iliyozama, shimo la kina cha maikromita 1 tu linapunguza mkondo kwa asilimia 20. Unapata 120 ile ile, na nukta zote 100 ni nzima.

Magonjwa ni mawili lakini tiba hazifanani. Kama ni kina, safu yako iko salama. Rekebisha hesabu uendelee. Kama ni vifo, kuna kitu kimekosewa kiwandani, na huenda kesho zikafa nyingine 20, wiki ijayo 30.

Unatofautishaje? Kwanza pima kina cha mashimo. Kisha pandisha shaba kidogo juu ya nukta kwa umeme na uziangalie kwa hadubini. Nukta hai inavaa koti la shaba, na iliyokufa inabaki kama ilivyo. Unahesabu moja moja.

Mtu asiyejua hili anaweza kuisawazisha 120 yake kwa kuizidisha kidogo, akaandika ripoti na kwenda nyumbani. Namba zake zitakuwa nzuri siku hiyo. Baada ya hapo kila nukta inayokufa itaufanya mto mchafu uonekane msafi kidogo zaidi.

Mtihani wa mwisho uko nje ya maabara

Elektrodi iliyofaulu kwenye kemikali safi bado haijafaulu. Maji ya mto yana matope, majani yaliyooza na sabuni. Vitu hivyo hushikana na risasi na kuificha, au hunata kwenye elektrodi.

Njia ya kujua ni rahisi kuieleza. Pima maji ya mto. Kisha ongeza kiasi cha risasi unachokijua kwenye maji yale yale, upime tena. Kama uliongeza mikrogramu 5 na kifaa kimeona 3 tu, kuna kitu kinakula jibu lako. Baada ya hapo peleka sampuli ile ile kwenye mashine kubwa ya maabara mlinganishe.

Hapo pia kuna jambo la kuelewa. Namba mbili zikitofautiana, si lazima mmoja awe muongo. Mashine ya maabara, sampuli ikiwa imetiwa asidi, huhesabu risasi karibu yote, hata iliyoshikwa na matope. Safu iliyofunikwa na jeli huhesabu ile iliyo huru au inayoachia kirahisi, ambayo ndiyo viumbe wa majini wanaweza kuipokea kwa wepesi. Mwenye kifaa anatakiwa aseme anapima ipi.

Ukiuziwa kifaa cha kupima maji, uliza haya

Vifaa vya kubeba mkononi vya kupima maji vipo sokoni, na wanaovinunua ni halmashauri, mamlaka za maji, miradi na hata watu binafsi. Si lazima uwe mkemia ili uulize:

- Kimelinganishwa na kipimo gani cha maabara, na kwenye maji ya aina gani? Maji safi ya chupa hayatoshi.
- Ni vipande vingapi vilijaribiwa, na vingapi vilitupwa? Anayesema hakuna kilichotupwa, mtilie shaka.
- Kikikaa majini wiki moja, jibu linasogea kiasi gani?
- Kinapima madini yote au yale yaliyo huru tu?
- Elektrodi ikianza kufa, kifaa kitakuambia, au kitaendelea kutoa namba?

Swali la mwisho ndilo kubwa. Muuzaji mzuri atakuonyesha jinsi ya kukijaribu kifaa chenyewe kwa kimiminika chenye jibu linalojulikana, asubuhi kabla hujaenda mtoni. Hiyo ni kazi ya dakika kumi. Asiyekuonyesha, mwambie arudi siku atakayokuwa nacho.